Hisabati Shuleni Kwetu: Nini Kifanyike?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu hapa Mwera. Yanachapwa kwa ombi la wanachama.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya Hisabati, na najua kwamba jambo lenyewe linawachoma wengi. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni ya mezani, katika ofisi ya serikali, na mezani pale hupita kila siku makaratasi yenye asilimia, wastani na makadirio. Kwa hiyo nasema kama mtu anayewahitaji vijana wajuao hesabu, na kama ndugu wa shule hii aliyepata kusoma kidogo yaliyoandikwa na watafiti wa jambo hili.

Katika ajenda yetu ya leo yamo mapendekezo mawili juu ya matumizi ya Mfuko. La kwanza ni kumzawadia fedha kila mwanafunzi atakayepata alama A katika Hisabati. La pili ni kugharimia masomo ya ziada ya usiku, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Waliyoyaleta wana nia njema, na wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo nawaomba tuyaweke kando kwa mwaka huu, na fedha hizo tuzitumie katika jambo la tatu ambalo nitalieleza.

Tutazame hali ilivyo nchini. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo ya watahiniwa, na hayo yalihesabiwa kuwa maendeleo, maana kabla ya hapo ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Sasa nauliza, zawadi yetu itamfikia nani? Itamfikia yule ambaye angefaulu hata tusingempa kitu. Na masomo ya usiku yatamfaa nani? Yatamfaa yule anayekaribia mstari, anayehitaji kusukumwa kidogo. Lakini wale watatu kati ya wanne waliachwa njiani zamani, katika sehemu na desimali na namba hasi, tangu kidato cha kwanza au hata kabla yake. Kumwamsha mtoto huyo usiku, mwezi mmoja kabla ya mtihani, na kumwandikia ubaoni yale yale aliyoandikiwa mchana, ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo.

VITABU VIMEBADILISHWA MARA NYINGI

Si kwamba nchi zetu hazikujaribu. Mwaka 1962, kule Entebbe, Uganda, walikusanyika wataalamu wa Kiafrika, wa Kimarekani na wa Kiingereza, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya Afrika. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, na vitabu vile vikajulikana kwa jina la Hisabati za Entebbe. Upande mwingine vikaja vitabu vya mpango wa Afrika Mashariki uliofuata mfano wa mpango wa Uingereza. Zote hizo ziliitwa hisabati za kisasa. Wazee waliosoma wakati ule wanakumbuka seti, makutano ya seti, na michoro ya miduara.

Mwisho wake unajulikana. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua seti lakini hawajui kupiga hesabu ya dukani. Nchini Kenya Serikali iliziondoa hisabati hizo mwaka 1981, na hapa Tanzania nako ziliachwa. Tangu hapo muhtasari wa masomo umebadilishwa tena na tena, vitabu vimeingia na kutoka, na kuanzia miaka ya 2000 tumejenga shule za kata kila mahali, jambo ambalo ni fahari yetu.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, ukiingia darasani utakuta somo linakwenda vile vile. Mwalimu anaandika kanuni. Anafanya mfano mmoja, wa pili, wa tatu. Wanafunzi wananakili. Kisha wanapewa maswali kumi yanayofanana na ile mifano. Anayepata anapigiwa alama ya vema, anayekosa anapigiwa mkasi, na kesho ni mada nyingine. Somo la namna hii lilikuwapo kabla ya Entebbe, likawapo wakati wa Entebbe, na lipo hadi leo. Kitabu kilibadilika, somo halikubadilika. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Mwalimu naye alifundishwa hivyo, na tangu alipotoka chuoni hakuna aliyempa nafasi ya kukaa na mwenziwe na kulichambua somo moja tangu mwanzo hadi mwisho.

SHAHADA NA KISAGA

Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa mama mmoja wa Kichina, Liping Ma, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao kabla ya kwenda kusoma Marekani. Alizungumza na walimu 23 wa Kimarekani na walimu 72 wa Kichina, wote wa shule za msingi. Wamarekani walikuwa watu wa chuo kikuu. Wachina wengi walisoma hadi darasa la tisa tu, kisha wakaenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili au mitatu.

Aliwapa hesabu hii: moja na robo tatu, gawanya kwa nusu. Kisha akawaomba watunge kisa cha maisha ya kawaida kinachoonyesha maana ya hesabu hiyo. Walimu wa Kichina wote walipata jibu. Wale wa Kimarekani waliopata jibu kamili hawakufika nusu. Na katika kutunga kisa, Wamarekani karibu wote walikwama. Wengine walitunga kisa cha kugawana kitu kati ya watu wawili, na hiyo ni kugawa kwa mbili, sio kugawa kwa nusu. Wachina wengi walitunga visa sahihi, tena wengine zaidi ya kimoja.

Naomba kila mmoja wenu ajaribu kimoyomoyo sasa hivi. Wengi tutasema: geuza, zidisha. Ndiyo, jibu ni tatu na nusu. Lakini kwa nini tugeuze? Na yawezekanaje kugawa kitu kikaongezeka?

Ndugu zangu, bibi zetu wa pwani hii walikuwa na jibu ndani ya kapu la mchele. Pishi moja ni vibaba vinne. Kisaga ni vibaba viwili, yaani nusu pishi. Basi mtu ana mchele pishi moja na robo tatu, naye anataka kujua atajaza visaga vingapi. Pishi moja na robo tatu ni vibaba saba. Kila kisaga ni vibaba viwili. Saba kwa mbili ni tatu na nusu. Visaga vitatu na nusu. Mchele haukuongezeka, kilichopungua ni kipimo. Kila pishi ina visaga viwili, na ndiyo maana kugawa kwa nusu ni sawa na kuzidisha kwa mbili. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kukariri kanuni, na hata akiisahau ataitengeneza upya mwenyewe.

Sasa tuulize: wale walimu wa Kichina wenye elimu ndogo waliyapata wapi maarifa yale? Mama Liping Ma anaeleza kwamba waliyapata kazini. Walikichambua kitabu cha kiada mstari kwa mstari, na walikuwa na kawaida ya kukutana, walimu wa somo moja, wakizungumza: mada hii tuianze wapi, watoto watakwama wapi, mfano upi uliwafungua macho mwaka jana. Mwalimu mpya huingia katika mazungumzo hayo, na baada ya miaka kumi anakuwa bingwa. Ujuzi wa mwalimu mmoja haustaafu pamoja naye.

Hapa kwetu walimu mabingwa wapo. Kila mmoja wetu anamkumbuka angalau mmoja ambaye akieleza, giza huondoka. Lakini ujuzi wao hukaa kichwani mwao. Anapohamishwa, huondoka nao. Anapofariki, huzikwa nao. Na huo ni upotevu wa mali ya umma.

KOSA LA MWANAFUNZI LINA AKILI NDANI YAKE

Jambo la pili ambalo utafiti umelionyesha ni kwamba kosa la mwanafunzi mara nyingi huwa na sababu, na mwalimu bingwa huitafuta sababu hiyo kabla ya kupiga mkasi.

Chukueni kosa linalojulikana kila shule: nusu jumlisha theluthi, mtoto anaandika mbili ya tano. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu wa haraka atasema: "Mjinga wewe, tafuta kigawe kidogo cha shirika." Mtoto atatii, na wiki ijayo atalirudia kosa lile lile. Mwalimu bingwa atauliza: "Hebu niambie, mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Mtoto atatafakari. Ni ndogo. "Basi ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu ya nusu. Imekuwaje?" Hapo mtoto mwenyewe atashtuka, na sasa yu tayari kusikia habari ya kigawe.

Tena mwalimu aliyebobea zaidi atajua kwamba mtoto yule hakuokota mbili ya tano barabarani. Mchezaji akipiga penati mbili akafunga moja, kesho akapiga tatu akafunga moja, kwa jumla amefunga mbili kati ya tano. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa! Mtoto ametumia hesabu ya penati mahali pa hesabu ya shamba. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha tofauti: penati zile ni mafungu mawili mbalimbali, lakini nusu na theluthi ya shamba ni vipande vya kitu kimoja. Kujua jambo hili si kujua hisabati peke yake, wala si kujua ualimu peke yake. Ni maarifa ya namna yake, na mtaalamu wa Kimarekani Lee Shulman aliyapambanua mwaka 1986, akasema kwamba hayo ndiyo yanayomtofautisha mwalimu wa somo na mtu aliyelisoma somo hilo tu.

Hapa mkoani kwetu tuna kisa ambacho dunia nzima inakijua, nacho kinafundisha jambo hili hili. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, kule Lushoto, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake yaliyoingia katika friji yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akaambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya watu wote. Tangu siku ile, asimulia mwenyewe, kila alipokosea, hata kosa dogo la kusoma jedwali la logarithimu, aliambiwa kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likalishika neno hilo.

Kisha alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba alimwuliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo lile katika maabara, akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la walimu wa fizikia. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya jambo lenyewe, na jina la kijana wa Magamba limo vitabuni mwao.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya wale waliocheka. Ni akina Mpemba wangapi walionyamazishwa, wasipate Osborne wa kuwajia? Mtoto akichekwa mara mbili, ya tatu hasemi. Na darasa lisilosema, mwalimu hawezi kujua linafikiri nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika Hisabati siku ya kuumbuka ni siku ya mtihani wa taifa.

WENZETU WANAFANYAJE

Wajapani wana desturi ya tangu karne ya 19 wanayoiita "jugyo kenkyu", yaani utafiti wa somo. Mambo huenda hivi. Walimu wachache huchagua mada moja inayowashinda wanafunzi. Huketi pamoja na kuandaa somo moja tu, wakibashiri majibu yote ambayo wanafunzi watatoa, ya kweli na ya makosa. Mmoja wao hulifundisha somo hilo, na wenzake hukaa darasani na daftari. Hawamkagui mwalimu, wanawatazama wanafunzi: nani amekwama, amekwama wapi, ameandika nini kabla ya kufuta. Jioni hukutana tena, hujadili, hulirekebisha somo, na pengine mwingine hulifundisha upya katika mkondo mwingine. Somo lililokamilika huandikwa na kuwekwa. Mwaka 1999 watafiti James Stigler na James Hiebert waliandika juu ya desturi hii katika kitabu kilichowafanya walimu wa nchi nyingi waifuate.

Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mradi uitwao SMASSE wa kuimarisha Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari. Mwendo wake ni maneno manne: panga, tenda, tazama, rekebisha. Mradi ule ulianza katika wilaya chache, baadaye ukaenea nchi nzima. Kwa kuwa mafunzo yalitolewa ngazi kwa ngazi, kutoka kituo cha taifa hadi wilayani, hapana budi tujifunze tahadhari moja: neno linalopita midomo mingi hufika limechakaa, na mwalimu akirudi kutoka semina akamkuta kila mtu yuko kama zamani, na yeye hurudi alikotoka. Dawa yake ni kuifanyia kazi hiyo shuleni penyewe. Hata Serikali yetu, katika mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, imeshika njia hiyo kwa kuhimiza walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji mahali wanapofanyia kazi. Kwa hiyo ninalolileta halipingani na mipango ya nchi. Linaitilia nguvu.

PENDEKEZO

Sasa nafika kwenye jambo la tatu nililoahidi. Naomba Mfuko wetu ununue saa za walimu wa Hisabati. Hapa nina maana ya mambo manne tu.

Kwanza, mchana mmoja katika kila wiki mbili, walimu wetu wa Hisabati wakutane kwa saa mbili kuandaa au kujadili somo moja. Namwomba Mkuu wa Shule auweke mchana huo katika ratiba, usiingiliwe na kazi nyingine. Sisi tutagharimia chai, karatasi na wino.

Pili, walimu wa Hisabati wa shule jirani waalikwe, pamoja na wa shule za msingi, na nauli ya walimu wa ng'ambo ya mto Pangani ilipwe na Mfuko. Wa shule za msingi ni wa lazima, kwa maana mwanafunzi anayeshindwa namba hasi kidato cha kwanza alitoka mikononi mwao, na walimu hawa wawili hawajapata kukaa meza moja.

Tatu, liwepo Daftari la Makosa. Kila mwalimu aandike humo makosa matatu ya wiki aliyoyaona kwa wanafunzi wengi, bila kutaja majina, na swali lililosaidia kuyaondoa. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na hazina ambayo hakuna duka la vitabu linaloiuza.

Nne, masomo yaliyokamilika yapigwe chapa, nakala zikae maktaba, na moja itolewe katika kila toleo la gazeti hili.

Nitatoa mfano wa somo la kuanzia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi hii, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani, na kutoka hiyo ndiyo yalianza mashamba yote tunayoyajua. Mwalimu aulize: tukikisia kwamba idadi ya miche iliongezeka mara nne kila mwaka, baada ya miaka mitano ingekuwa mingapi? Walimu wanapoandaa somo hili watabashiri kwamba wanafunzi wengi watazidisha 62 kwa 4, kisha kwa 5, wapate 1,240. Basi watayarishe swali la kuwarudisha: "Miche iliyozaliwa mwaka wa pili, je, yenyewe haizai?" Wanafunzi waihesabu mwaka kwa mwaka: 248, 992, 3,968, 15,872, hadi 63,488. Mtoto wa mkata mkonge akiona tofauti ya 1,240 na 63,488, ameanza kuelewa kuzidisha kwa marudio, na siku logarithimu zitakapokuja hazitamtisha.

Najua kuna watakaosema kwamba walimu hawana nafasi: darasa limejaa na madaftari hayasahihishiki. Ni kweli, na pendekezo langu halitaleta walimu wapya. Hilo ni jukumu la Serikali, nasi tuendelee kulidai kwa njia zinazofaa. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi wengi ndiye anayehitaji zaidi somo lililokwisha kufikiriwa vizuri, kama vile mpishi wa harusi anavyohitaji kipimo kuliko mpishi wa nyumbani.

Kuna watakaosema tatizo ni lugha, kwamba mtoto hufundishwa msingi kwa Kiswahili, na akifika sekondari hukutana na Kiingereza. Na hilo ni kweli. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi juu, na mjadala haujaisha hadi leo. Mkutano wetu hauna madaraka ya kuumaliza. Lakini walimu wanaotazama somo pamoja wanaweza kugundua ni lini mtoto hakuielewa hesabu, na ni lini hakulielewa neno. Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Wapo pia watakaouliza matokeo yataonekana lini. Nawaambia kweli: hayataonekana mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao. Tusipime kwa alama A za mwaka mmoja. Tupime kwa kuhesabu wanafunzi wa kidato cha pili wanaoweza kujumlisha sehemu na kueleza kwa nini. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne, kama mlivyosikia, ni pishi.

KWA WADOGO ZETU

Ninyi mnaosoma hapa, nina ombi moja dogo. Mkikosea, msifute. Pigeni mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, kisha andikeni njia mpya chini yake. Kifutio humnyima mwalimu habari anayoihitaji sana, yaani njia mliyopita hadi mkapotea. Na mwenzenu akiuliza swali mnaloliona la kipuuzi, msicheke. Kuuliza si ujinga. Kumbukeni kwamba waliocheka kule Iringa hakuna mtu anayewajua leo.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa shule hii walitufundisha sisi kwa chaki na moyo, mchana kutwa, kila mmoja peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Tukitaka kuwarudishia fadhila, tuwape waliopo sasa nafasi ya kuufungua mlango huo na kuingia mmoja katika darasa la mwenziwe. Nalileta pendekezo hili mbele ya mkutano, naomba lijadiliwe na kupigiwa kura kabla hatujaondoka.